Besi kuukuu, shingo imepinda: ninunue au niiache?

Swali: Shikamoo fundi. Kikundi chetu hakina mpiga besi, na mimi nimepiga gitaa la kawaida kwa miaka miwili, kwa hiyo wameniangukia mimi. Kuna mtu anauza besi ya nyuzi nne ya bei ya chini, imekaa juu ya kabati muda mrefu. Nyuzi zina kutu na ziko juu mno mpaka vidole vinauma. Volyumu inachakacha ukiizungusha, na ukiitazama kwa ubavu shingo inaonekana imepinda. Jina lililoandikwa kichwani silijui. Kaka yangu anasema hiyo ni kuni. Ninunue niitengeneze mwenyewe, au nijikusanye ninunue mpya?

Jibu: Marahaba. Kabla hujamjibu kaka yako, tuyatenganishe hayo uliyoyataja, maana hayana uzito mmoja. Nyuzi zenye kutu si ugonjwa, ni kama viatu vilivyokwisha soli. Volyumu inayochakacha ni vumbi, kazi ya dakika kumi. Nyuzi kuwa juu ni dalili tu, na mara nyingi chanzo chake ni hicho ulichokitaja baadaye, yaani shingo. Kwa hiyo swali lako lote linabaki moja: shingo hiyo imepinda namna gani, na je, bado inakubali kurudi?

Mimi humwambia kila anayekuja na swali kama lako kwamba anayenunua besi ya bei ya chini iliyotumika ananunua shingo. Kiwiliwili ni ubao. Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, hubadilishwa; vikazio vya nyuzi kule kichwani hubadilishwa; daraja linaloshikilia nyuzi kiwiliwilini hufungwa kwa skrubu chache. Shingo iliyoharibika itakula fedha kuliko besi yenyewe, na hata ukiitengeneza hutaiamini.

Ujue kwanza kwa nini hupinda. Nyuzi nne za besi zikikazwa hadi sauti yake huvuta kwa pamoja kiasi cha kilo 70 hadi 80. Ning'iniza mfuko mmoja na nusu wa saruji kwenye kipande cha mti chenye unene wa vidole viwili, uuache hapo miaka mitano, ndipo utaelewa. Kinachozuia shingo isikunjike ni fimbo ya chuma iliyozikwa ndani yake, trasrodi, yenye nati upande mmoja. Ukiikaza nati hiyo, fimbo hupambana na mvuto wa nyuzi. Shida ni kwamba besi nyingi za bei ya chini hutoka kiwandani zikiwa zimerekebishwa juujuu, zikasafiri, zikakutana na joto na unyevu tofauti, na mnunuzi hajui kama kuna cha kukaza. Nyuzi zinapanda kidogo kidogo, vidole vinauma, anakata tamaa, besi inapanda juu ya kabati. Zimepita mikononi mwangu nyingi za namna hiyo ambazo trasrodi ilikuwa haijaguswa kamwe. Robo tatu ya mzunguko, kwa awamu, na mwenyewe haamini kama ni besi ileile.

Sasa rudi kwa muuzaji, na usiende mikono mitupu. Chukua kebo, amplifaya ndogo yoyote, tyuna (kipima sauti ya nyuzi), kadi nyembamba ya karatasi ngumu, na funguo za L za milimita 4 na 5.

Kwanza ikaze mpaka ifikie sauti yake, kuanzia uzi mnene: E, A, D, G. Shingo isiyo na mvuto haisemi ukweli. Kisha tumia uzi wenyewe kama rula, kwa kuwa uzi uliokazwa hunyooka kuliko rula nyingi za dukani. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, halafu mwombe muuzaji aangalie, au nyoosha kidole kimoja, ugonge uzi huo juu ya freti ya saba. Ukisikia «tik» ndogo, uzi ukashuka kiasi cha unene wa kadi na kugusa freti, shingo hiyo ni nzima. Mbonyeo unaotakiwa, yaani nafasi hiyo kati ya uzi na freti, ni kama milimita 0.3. Kama njiti ya kiberiti inapita chini ya uzi bila kugusa, mbonyeo ni mkubwa, lakini bado usikate tamaa. Kama hakuna nafasi kabisa na uzi umelala juu ya freti zote, shingo imepinda kinyumenyume. Hiyo aghalabu ni trasrodi iliyokazwa kupita kiasi, na dawa yake ni kuilegeza.

Rudia kipimo hicho kwa uzi wa G, na hapa uwe makini. Kama upande wa E una mbonyeo mkubwa na upande wa G hauna, shingo imesokotwa. Kupinda mbele au nyuma ni jambo la trasrodi. Msokoto trasrodi haiuwezi. Njia nyingine ya kuuona ni kufunga jicho moja na kutazama kutoka kichwani kuelekea daraja, ukilinganisha freti ya kwanza na ya mwisho kama mataruma ya reli. Yakiwa sambamba, sawa. Moja likiinua bega, mrudishie mtu besi yake kwa heshima.

Baada ya hapo tafuta nati ya trasrodi. Huenda iko kichwani chini ya kifuniko cha plastiki, au upande wa pili shingo inapoingia kiwiliwilini. Itazame kwa mwanga wa simu kabla hujaigusa. Kona zake sita zina makali bado, au zimelika zikawa duara? Zilizolika zinakuambia kuwa mtu alishapigana nayo na akashindwa. Na mimi nalijua hilo kwa sababu niliwahi kuwa mtu huyo. Nilikuwa bado najifunza, nikachukua ufunguo wa inchi, wa tatu kwa kumi na sita, nikauingiza kwenye nati ya milimita 5 kwa kuwa uliingia vizuri. Ule ni milimita 4.76. Ile robo ya milimita iliyobaki ilitosha: nilipokaza, ufunguo ulizunguka wenyewe ukatoka na unga wa chuma kwenye ncha. Nilimaliza wiki nzima nikiitoa nati ile, na gharama nilibeba mimi. Ufunguo usioingia kwa kubana kidogo si ufunguo wake.

Nati ikiwa nzima, mwombe muuzaji ruhusa uilegeze kwa sehemu moja tu ya kumi na mbili ya mzunguko, kisha uirudishe ilipokuwa. Huna haja ya kutengeneza chochote pale. Unataka kujua tu kama inazunguka na kama bado ina nafasi ya kukazwa. Ikiwa shingo imebonyea sana na nati tayari imefika mwisho, hakuna kilichobaki cha kukaza. Fundi anaweza kuibana kwa joto na vibanio, ila kwa besi ya bei hiyo kazi hiyo hailipi. Na muuzaji akikukatalia kabisa, nawe usimlaumu, lakini punguza bei unayoiwazia.

Ukisharidhika na shingo, mengine yapite haraka. Piga kila freti ya kila uzi, zote, taratibu. Ukikuta noti moja inazima au inatoa sauti ya bati wakati jirani zake ziko sawa, freti iliyo mbele yake imeinuka. Hilo fundi hulimaliza kwa muda mfupi. Ukikuta noti kwenye uzi wa G, kati ya freti ya tano na ya saba, inakufa mapema kuliko nyingine bila kukwaruza, usishtuke, hata besi za gharama zina tabia hiyo. Angalia mifereji iliyochimbwa na nyuzi juu ya freti nne za mwanzo. Mikwaruzo midogo hainisumbui. Mfereji ambao ukucha unakwama ndani yake unamaanisha kazi ya freti, na hiyo si kazi ya siku yako ya kwanza.

Chomeka kebo. Pikapu isiyotoa sauti, igonge polepole kwa ncha ya bisibisi. Ikiwa hai utasikia mlio wa kugonga kwenye spika. Kama nyuma ya kiwiliwili kuna kijumba cha betri ya volti 9, badilisha betri kabla ya kuhukumu lolote. Besi ngapi zimeuzwa kama mbovu kwa sababu ya betri! Zile zenye betri huwaka kebo ikichomekwa, na mtu akilala na kebo ndani, asubuhi betri imekwisha.

Kuhusu jina usilolijua, lisikukoseshe usingizi. Sehemu kubwa ya besi za bei ya chini ni nakala za maumbo mawili ya kampuni ya Fender: Precision ya mwaka 1951 na Jazz ya mwaka 1960. Kwa hiyo vipuri vyake vingi vinapatikana, ila vipime kabla ya kuagiza. Potenshiometa, yaani vile vyombo vya ndani vinavyozungushwa na vitufe vya volyumu, kwa besi nyingi za bei ya chini ni zile ndogo, na ukinunua za ukubwa kamili itabidi upanue matundu. Jina lina faida moja halisi: Squier Affinity, Ibanez GSR200 au Yamaha TRBX174 utakuja kuiuza kesho bila maelezo mengi. Isiyo na jina utaishi nayo.

Hesabu yangu ya kununua ni hii: chukua bei anayotaka, ongeza seti ya nyuzi mpya, maana nyuzi za besi ni ghali kuliko za gitaa ulizozoea, kisha ongeza kazi yoyote ya fundi usiyoiweza. Jumla ikivuka nusu ya bei ya besi mpya ya kiwango kilekile, iache. Ikiwa chini ya hapo na shingo imefaulu, chukua.

Tuseme umechukua. Kosa la kwanza la wengi ni kuanza na kinachoonekana: wanapaka rangi, wanabadilisha pikapu, wanashindana juu ya kapasita. Muda wa kuuliza kama sauti ni nzuri haujafika. Hujaisikia bado besi hiyo. Anza na uchafu.

Legeza nyuzi kwanza, ndipo uzikate na kuzitoa. Nyuzi za kutu zisikutie huruma. Najua utasimuliwa habari za James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown, aliyepiga nyuzi bapa (zenye uso laini) zilezile kwenye Precision yake bila kuzibadilisha mpaka zikatike, tena zikiwa juu. Zile zilikuwa bapa, tena zilipigwa kila siku. Kutu kwenye nyuzi za kawaida ni msasa, na inakula freti ulizozikagua kwa shida. Kuna wanaochemsha nyuzi kuukuu kwenye sufuria ili ziamke. Kwa nyuzi zenye mafuta na jasho inasaidia kwa siku chache, kwa zenye kutu unapoteza maji.

Funika pikapu kwa utepe wa karatasi kabla hujasugua freti. Pamba ya chuma, ile laini kabisa yenye namba 0000, inang'arisha freti vizuri sana, lakini inamwaga unga, na sumaku za pikapu zinaukusanya wote usitoke tena. Ubao wa vidole ukiwa mweusi au wa kahawia usio na vanishi, upanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukauke, kisha matone machache ya mafuta ya ndimu yanayouzwa kwa ajili ya magitaa. Machache. Ukiwa mweupe unaong'aa, ule una vanishi, hauhitaji mafuta yoyote.

Zungukia kila skrubu na nati kwa mkono. Vikazio vinavyocheza mara nyingi vinahitaji tu nati zake za mbele zikazwe. Tundu la skrubu lililolegea, hasa pale unapofungwa mkanda, lipe njiti za kiberiti zisizo na vichwa pamoja na gundi ya mbao, zikate usawa wa ubao, subiri zikauke hadi kesho, kisha rudisha skrubu ileile. Hutaona tena mkanda ukichomoka jukwaani.

Sasa ule mchakacho wa volyumu. Fungua kifuniko, utaona vyombo vya duara vyenye tundu dogo karibu na miguu mitatu. Pulizia hapo kisafishio cha vifaa vya umeme, si mafuta ya bawaba wala ya baiskeli, kisha zungusha kitufe mwisho hadi mwisho mara thelathini. Ikirudi kuchakacha baada ya wiki, imekwisha, nunua nyingine. Kwa pikapu za aina ya Precision au Jazz zisizo na betri thamani inayotumika ni kilo-omu 250. Ukiwa ndani humo tikisa kila waya polepole kwa kidole. Lehemu iliyopauka na kupasuka duara ichomwe upya.

Kuna waya mmoja ambao husahaulika, nao ndio husumbua watu kuliko wote: ule unaotoka kwenye potenshiometa, ukapita ndani ya mbao, ukalala chini ya daraja. Ndio unaozipa nyuzi ardhi. Ukipiga besi ikavuma, gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya huo uko kazini. Usipopungua kwa nyuzi lakini ukapungua unapogusa chuma cha jeki, lile tundu la kebo, waya umekatika au umetoka chini ya daraja. Fungua daraja, kwangua ncha yake ing'ae, irudishe, kaza.

Nyuzi mpya: pima kwanza kutoka kwenye nati ya kichwani, kile kijipande cha plastiki kinachopitisha nyuzi, hadi freti ya 12, kisha zidisha kwa mbili. Ukipata karibu milimita 864, ni besi ndefu ya kawaida. Ukipata 762, ni fupi, na nyuzi zake huuzwa kama seti tofauti. Seti yenye unene wa 45 hadi 105 (elfu za inchi) inatosha kuanzia. Pitisha uzi hadi kikazio chake, acha kama sentimita 12 zaidi, na kabla ya kukata, ukunje pembe kali pale utakapokata, kisha kata mbele ya kunjo hilo. Ukikata ukiwa umenyooka, waya wa nje unaweza kuanza kujifungua na uzi mpya ukafa siku hiyohiyo. Ncha iingie ndani ya tundu la kikazio, mizunguko miwili au mitatu ishuke chini. Basi.

Kinachofuata kina mpangilio wake, na mpangilio huo hauvunjwi: shingo, kisha kimo cha nyuzi, kisha usahihi wa sauti. Anayeanza na daraja atarudia kazi yote, kwa sababu kila ukigusa shingo, mengine yote yanahama.

Kaza nyuzi hadi sauti yake. Pima mbonyeo kama ulivyofanya kwa muuzaji. Ukiwa umeitazama nati ya trasrodi uso kwa uso, kuizungusha upande wa mshale wa saa hunyoosha shingo, kinyume chake huiachia. Robo ya mzunguko, usizidishe. Legeza kidogo nyuzi kabla ya kukaza, kisha zirudishe, upime tena. Utasikia mti ukilia «krii» kidogo. Hiyo ni kawaida. Ufunguo ukigoma, simama. Kwa shingo iliyokaa miaka bila kuguswa, fanya robo moja, iache ilale usiku mzima, endelea kesho. Mti una pupa kidogo kuliko wewe.

Shingo ikitulia, shusha vitako vidogo vya daraja vinavyobeba kila uzi. Kati ya uzi na kichwa cha freti ya 12 tafuta milimita 2.5 kwa E na 2 kwa G. Unapiga kwa nguvu? Pandisha nusu milimita. Nyuzi zikikwaruza sehemu zote za mwanzo tu, mbonyeo umepungua mno. Zikikwaruza juu karibu na kiwiliwili, kimo ndicho kimeshuka mno. Na kama vitako vimefika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, fungua skrubu nne za shingo, weka ukanda wa karatasi ngumu mwishoni mwa kile kitundu inapoingia, upande wa daraja, ufunge tena. Ni ujanja wa zamani na hauna aibu yoyote.

Mwisho linganisha uzi ukiwa wazi na ukibonyezwa freti ya 12, kwa tyuna. Freti ikisoma juu, rudisha kitako nyuma. Ikisoma chini, kilete mbele kuelekea shingo. Legeza uzi kila unapokisogeza. Kitako cha E kikiishia nyuma kuliko cha G, ndivyo inavyotakiwa.

Pikapu ziache milimita tatu hivi chini ya nyuzi ukiwa umebonyeza freti ya mwisho, kisha piga wiki mbili kabla ya kutamani kununua nyingine. Shingo itakuwa imesogea tena kidogo katika wiki hizo, kwa kuwa imerudi kwenye mvuto kamili baada ya kukaa bure muda mrefu. Ipime, na huenda ikataka robo nyingine. Na kwa sasa, kama amplifaya mliyo nayo ni ya gitaa la kawaida, itumie kwa sauti ya chini. Uzi wa E wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ile haikutengenezwa kubeba hilo mkiwa na ngoma pembeni.